Ubalozi Utafutwe Kabla ya Safari: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Msafiri wetu anajua bei ya tiketi, kilo za mzigo, hata jina la ghorofa la Guangzhou atakakonunua viatu. Mwulize ubalozi wa nchi yake uko mtaa gani, atakwambia ataangalia akifika. Jibu hilo halitoshi. Siku utakayouhitaji ubalozi huenda simu imeibiwa, pasipoti iko mikononi mwa mwajiri, na anayekuuliza maswali ni askari ambaye lugha yake huielewi. Hiyo si siku ya kuanza kutafuta anwani.

Maagizo haya ni kwa mfanyabiashara wa Kariakoo na wa Eastleigh, mgonjwa anayepelekwa India, mwanafunzi, hujaji, dereva wa lori, na zaidi ya wote dada anayekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Yafuatwe kama yalivyo.

Kabla hujaondoka

Tafuta ofisi inayohudumia mji utakaolala, usiishie kwenye jina la nchi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ubalozi huwekwa palipo na serikali ya nchi mwenyeji, ilhali wewe unakwenda palipo na soko, hospitali au chuo. Wafanyabiashara wanakwenda Istanbul. Ubalozi wa Tanzania nchini Uturuki uko Ankara, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo. Mgonjwa anapelekwa Chennai, kusini kabisa mwa India. Ubalozi uko New Delhi, kaskazini, na kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000. Hujaji anashukia Jeddah au Madina, na balozi anakaa Riyadh. Mtu aliyepoteza pasipoti hapandi ndege, na mara nyingi hapokelewi hata hotelini. Umbali huo, ambao kwenye ramani ulionekana mdogo, unageuka kuwa ukuta.

Ndiyo maana kuna ubalozi mdogo, yaani ofisi ya konseli mkuu katika mji mwingine wa nchi hiyohiyo. Tanzania inao Guangzhou, kwa hiyo mfanyabiashara aliye kusini mwa China hana sababu ya kukimbilia Beijing. Katika Falme za Kiarabu, Tanzania na Kenya zina ubalozi Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai. Anayelala Deira, mtaa wa Dubai, aanzie ofisi ya Dubai. Dereva anayepeleka mzigo Katanga ajue kwamba kuna ubalozi mdogo wa Tanzania Lubumbashi, kwa sababu Kinshasa, palipo na ubalozi wenyewe, iko upande wa pili wa nchi kubwa isiyo na barabara ya kuaminika ya kumfikisha huko. Mtanzania aliyekwama Mombasa asipande basi la usiku kwenda Nairobi kabla hajauliza: Mombasa pia kuna ubalozi mdogo wa Tanzania.

Usidhani kila nchi ina ubalozi wenu. Nchi zetu hazina fedha za kufungua ofisi kila mahali, kwa hiyo balozi mmoja huwakilisha nchi kadhaa. Ubalozi wa Tanzania ulioko Stockholm unahudumia nchi za Skandinavia na za Baltiki, na Ukraine pia imo katika eneo lake. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa huko hawakuwa na mlango wa kubisha mjini Kyiv. Msaada wao ulipaswa kutoka Sweden, ng'ambo ya bahari. Aliyekuwa ameshaandika namba ya Stockholm kwenye daftari alikuwa na pa kuanzia. Kama unakwenda nchi isiyo na ubalozi wenu, lazima ujue ni balozi gani, katika nchi gani, anayekuhesabu wewe miongoni mwa watu wake.

Usimchukulie konseli wa heshima kuwa ni ubalozi kamili. Konseli wa heshima mara nyingi ni mkazi wa nchi ile, pengine mfanyabiashara, aliyekubali kuiwakilisha nchi yako kwa mambo machache. Wapo wema na wenye bidii. Lakini uwezo wao ni mdogo: wengi hawawezi kukutolea pasipoti, wala hawana nyumba ya kumhifadhi mtu. Mwaka 2020, uchumi wa Lebanon ulipoanguka na bandari ya Beirut kulipuka tarehe 4 Agosti, wanawake wa Kenya waliokuwa wakifanya kazi za ndani walikusanyika na kulala nje ya ofisi ya konseli wa heshima wa nchi yao, wakidai kurudishwa nyumbani. Kenya haikuwa na ubalozi Lebanon. Ubalozi uliohusika ulikuwa Kuwait. Kama ajenti anakupeleka nchi ambayo mwakilishi wako pekee ni konseli wa heshima, na kazi yenyewe ni ya kuishi ndani ya nyumba ya mwajiri, mimi ningekataa. Usipokataa, basi uwe na namba ya ubalozi mkuu wa eneo hilo, na uijue kwa kichwa.

Chukua anwani kutoka kwa serikali yako yenyewe. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na go.tz, za Kenya go.ke, za Uganda go.ug, za Rwanda gov.rw. Anzia kwenye tovuti ya wizara inayoshughulika na mambo ya nje, kisha ingia katika orodha ya balozi. Halafu piga simu kuhakikisha. Balozi huhama majengo, namba hubadilika, na ramani za simu hubaki na anwani ya zamani kwa miaka. Kupiga simu ukiwa Dar es Salaam kutakugharimu pesa kidogo tu.

Usiiamini tovuti kwa sababu imetokea ya kwanza ulipotafuta. Zipo zinazojiita za ubalozi, zina bendera na nembo, na zinakuomba namba ya kadi ya benki. Hazina uhusiano na serikali yoyote.

Andika kwenye karatasi. Simu huibwa, chaji huisha, na kwa wafanyakazi wa ndani simu ndicho kitu cha kwanza kunyang'anywa. Ukifika China utakuta Google na WhatsApp hazifunguki kwa njia ya kawaida. Falme za Kiarabu zimebana kupiga simu kwa WhatsApp. Kwa hiyo andika kwa kalamu: jina la ofisi, mtaa, namba ya simu ya mezani, namba ya dharura, saa za kazi. Andika namba kwa ukamilifu wake, pamoja na namba ya nchi: Oman 968, Saudi Arabia 966, Falme za Kiarabu 971, India 91, China 86, Uturuki 90. Anwani iandikwe pia kwa maandishi ya nchi unayokwenda, Kiarabu au Kichina, kwa sababu huenda dereva wa teksi hasomi herufi zetu. Karatasi moja iwe kwenye begi, nyingine ishonwe ndani ya nguo.

Hilo la kushona silisemi kwa kutia chumvi. Mabinti wanaokwenda kufanya kazi katika nyumba za watu wafanyiwe hivyo na mama zao kabla ya kutoka nyumbani.

Jifunze jina litakaloandikwa kwenye kibao. Katika nchi za Jumuiya ya Madola, kama Uingereza, India na Afrika Kusini, ofisi yetu inaitwa "High Commission", nawe ukitafuta "Embassy" tu unaweza kupita mlangoni pake. Uarabuni mwambie dereva "sifara" kwa ubalozi, "qunsuliyya" kwa ubalozi mdogo. Muscat una nafuu: Waomani wengi wenye asili ya Unguja, Pemba na Burundi wanazungumza Kiswahili. Uliza bila haya.

Acha nakala nyumbani. Ndugu mmoja, na awe mtu mzima mwenye kichwa kilichotulia, abaki na nakala ya pasipoti, viza, mkataba wa kazi, jina na simu ya mwajiri au chuo, jina la ajenti, na namba ileile ya ubalozi. Kama unakwenda kazini, usitie saini kabla mkataba haujapita katika mamlaka ya nchi yako. Tanzania kuna TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Kenya kuna Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Aliyepita njia za panya anapofika ubalozini, ofisa hana jalada lake wala hajui ajenti wa kumshika.

Ukishafika

Jiandikishe ubalozini ndani ya wiki ya kwanza. Jina, namba ya pasipoti, mahali unapoishi, simu, na mtu wa kuwasiliana naye nyumbani. Watu hukwepa jambo hili wakiogopa kwamba serikali itawafuatilia au itawadai kitu, lakini ofisa asiyejua kwamba upo hawezi kukutafuta. Mapigano yalipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, Watanzania waliokuwa Sudan, wengi wao wanafunzi, walitolewa kwa mabasi hadi mpaka wa Ethiopia na kutoka huko wakasafirishwa nyumbani. Fikiria kazi ya ofisa aliyepaswa kujua ni nani apande basi lipi, katika mji ambao umeme na mtandao vinakatika. Anayo orodha. Ama umo, ama humo. Na ukihama mji au ukirudi nyumbani, waarifu pia, ili wasikutafute usipokuwapo.

Nenda ukaione ofisi ukiwa huna shida. Kama iko katika mji wako, tumia asubuhi moja. Jua basi gani linafika, geti liko upande gani, walinzi wanataka kitambulisho gani. Riyadh balozi zimekusanywa katika mtaa wake maalumu, Hayy as-Safarat, wenye vituo vya ukaguzi. New Delhi nyingi ziko Chanakyapuri. Beijing, Sanlitun ni mmojawapo wa mitaa ya balozi.

Usiende siku iliyofungwa. Oman na Saudi Arabia mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu zilibadilisha Januari 2022: sasa ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ofisi za serikali hufanya kazi nusu siku. Ongeza sikukuu za nchi mwenyeji, kisha za kwetu: 26 Aprili na 9 Desemba kwa Tanzania, 12 Desemba kwa Kenya. Wengi huzisahau hizi za kwetu. Namba ya dharura ndiyo ya saa hizo, nayo si ya kuulizia bei ya viza.

Usimkabidhi mwajiri pasipoti akaifungie. Sheria za Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu zenyewe zinamkataza mwajiri kuzuia pasipoti ya mfanyakazi. Ninajua wengi hawapewi nafasi ya kukataa. Inachukuliwa uwanjani au siku ya kwanza nyumbani. Ikitokea hivyo, uwe na nakala, na taarifa ifike ubalozini mapema, ukiwa bado na chaji na bado una mtu wa kuzungumza naye.

Usimpe kishoka hata senti. Karibu na balozi nyingi utamkuta mtu wa kwenu, mwenye lugha tamu, anayesema anamjua ofisa na pasipoti itatoka kesho. Ingia ndani. Uliza ada halali, lipa inapoelekezwa, dai stakabadhi. Ukijibiwa vibaya dirishani, na hilo hutokea, andika jina la aliyekujibu, tarehe na saa, uombe kumwona ofisa wa konseli. Kuhudumiwa ni haki yako, na wala huhitaji kupiga kelele ili uipate.

Mambo yakiharibika

Pasipoti ikipotea, anza na polisi wa hapo. Bila taarifa ya polisi ubalozi utakurudisha huko huko. Kisha peleka ubalozini taarifa hiyo, nakala ya pasipoti, picha, na chochote kinachoonyesha wewe ni raia: kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa. Uwezekano mkubwa ni kwamba utapewa hati ya dharura ya safari. Hati hiyo ni ya kukurudisha nyumbani. Usipange kuendelea nayo kutoka Guangzhou kwenda Dubai kununua mzigo mwingine. Pasipoti ya kielektroniki inataka alama za vidole, na si kila ofisi ina mashine zake.

Usikimbilie uwanja wa ndege ukishapata hati. Viza yako ilibaki kwenye ile iliyopotea. China na India zinataka kwanza upite kwenye mamlaka zao za uhamiaji upate kibali cha kutoka. Hizo ni siku, si saa, na tiketi ya haraka uliyonunua itaungua.

Ukikamatwa, sema mara moja kwamba unataka ubalozi wako ujulishwe. Shika jambo hili kuliko mengine yote. Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963, katika ibara ya 36, unasema mgeni aliyekamatwa lazima aelezwe bila kuchelewa kwamba ana haki ya ofisi ya nchi yake kujulishwa. Akiomba, polisi wanapaswa kuijulisha. Barua yake kwa konseli inapaswa kufikishwa, na konseli ana haki ya kumtembelea mahabusu, kuzungumza naye na kumsaidia kupata mwanasheria. Tanzania, Kenya, Saudi Arabia, Oman, India, China na Marekani zote zimo katika mkataba huo.

Lakini haki hii huanza kufanya kazi ukiidai. Tarehe 31 Machi 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoa hukumu katika kesi ya Avena, iliyofunguliwa na Mexico dhidi ya Marekani. Ilikuta kwamba raia 51 wa Mexico, waliokuwa wamehukumiwa kifo, hawakuwa wameelezwa haki hiyo kama mkataba unavyotaka. Ikiwa polisi wa nchi yenye mahakama na mawakili wengi kiasi hicho walishindwa kusema sentensi moja, usitegemee askari wa zamu katika kituo chochote duniani akukumbushe. Jifunze kwa lugha ya nchi hiyo maneno haya: mimi ni raia wa Tanzania, naomba ubalozi wangu ujulishwe. Yarudie kwa kila ofisa mpya. Omba yaandikwe.

Mkataba umeuacha uamuzi wa kuujulisha ubalozi mikononi mwa aliyekamatwa, na ni sawa. Aliyeikimbia serikali yake kwa kuhofia maisha asilazimishwe kuitiwa serikali hiyohiyo. Yeye aombe mwanasheria na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi.

Usitie saini karatasi usiyoweza kuisoma. Omba mkalimani. Ofisa wa ubalozi akija, mwambie ukweli wote, hata ule wa aibu.

Ukipigwa au kudhalilishwa, toka kwanza, eleza baadaye. Katika hali nyingine nitasema piga simu ubalozini kabla ya kuihama nyumba ya mwajiri, kwa sababu Saudi Arabia, kwa mfano, mwajiri anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, ile wanayoiita "huruub", na kesi ikawa yako. Maisha yakiwa hatarini hesabu hiyo haina nafasi. Nenda polisi au hospitali iliyo karibu, uombe hati ya daktari ya majeraha, na kutoka hapo ubalozi upigiwe.

Usiamini kwamba ukivuka geti la ubalozi uko nyumbani. Ardhi ile bado ni ya nchi mwenyeji. Mkataba mwingine wa Vienna, wa 1961, unawazuia polisi kuingia bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi, na kinga hiyo ni kubwa. Hata hivyo faini ya kupitisha muda wa viza inabaki, na kesi inabaki, na siku utakayotoka utaikuta nje.

Usidai ubalozi ufanye usichoweza kufanya. Hauwezi kukutoa jela, kumwamuru hakimu, kulipa bili ya hospitali, kukukopesha nauli kama duka, wala kukutafutia kazi. Unaweza kukutafutia orodha ya mawakili, kufuatilia kesi, kumbana mwajiri kupitia wizara ya nchi ile, kuwaarifu ndugu, kukupa hati ya safari. Mtu akifariki, unasimamia barua na vibali vya kuusafirisha mwili. Gharama kwa kawaida ni ya familia, ya mwajiri kama mkataba unasema hivyo, au ya bima. Jumuiya zetu za ughaibuni huchanga mara kwa mara, na mchango wao ni heshima kubwa. Kabla hujaondoka nunua bima inayotaja kusafirisha mwili. Ni maneno mazito kumwambia kijana wa miaka 23, lakini aambiwe.

Kwa waliobaki nyumbani

Msianze na mtandao wa kijamii. Video ya kilio inasambaa kwa saa moja na inaweza kumwonyesha mwajiri kwamba binti ametoa siri, huku bado amefungiwa ndani. Anzeni na wizara. Kenya tangu 2022 ina idara ya taifa inayoshughulika na masuala ya diaspora. Tanzania nendeni Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, na sambamba na hapo pigeni ubalozini moja kwa moja. Mwende na jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, si la nyumbani. Namba ya pasipoti. Mji na mtaa. Jina na simu ya mwajiri. Jina la ajenti. Siku ya mwisho mliyozungumza na maneno aliyoyasema. Chukueni namba ya jalada na jina la ofisa aliyewapokea.

Msikubali kuambiwa "tutawapigia" mkakaa kimya. Rudini baada ya siku tatu mkiwa na namba ya jalada mkononi, na mrudi tena baada ya tatu nyingine, mpaka mpewe jina la ofisa wa ubalozini anayelishughulikia na mzungumze naye wenyewe.